Punje za Rangi Mbili

Upepo wa Punta Arenas haubishi hodi.
Jumanne uliokota kipande cha bati
kwenye paa la mtu nisiyemjua
ukakitumbukiza ndani ya gari la marehemu baba
kupitia kioo cha mlango wa dereva,
kama mtu atiaye barua sandukuni.

Ni Nissani ndogo, zamani ilikuwa nyeupe,
ya mwaka nilioanza darasa la kwanza.
Siku tatu niliendesha na mfuko wa takataka
uliobandikwa kwa gundi ya karatasi,
ukipiga makofi njia nzima hadi kazini,
ukishangilia nini, sijui.

Mladinić, mwenye uwanja wa magari yaliyokufa,
aliniuliza mambo mawili tu:
milango miwili au minne?
kushoto au kulia?
Akazama katikati ya mizoga, akarudi
na kioo kimeviringishwa blanketi.
"Peso elfu kumi na tano.
Ukikiangusha getini, ni chako vilevile."

Nolberto, kaka yangu, alikuja Jumamosi
na spana namba kumi, bisibisi,
chupa ya sabuni ya vyombo,
na ukimya wake wa siku zote.
Tukang'oa mkono wa kuzungushia kioo;
kile kichuma chembamba kinachoushikilia kikaruka,
kikahamia majanini,
tukakisaka kwa magoti robo saa nzima.
Klipu za ubao zikalia ta, ta, ta,
moja ikavunjika.
Daima moja huvunjika.

Nyuma ya nailoni, mlango ni tumbo.
Ulikuwa umemeza sarafu, jino la kitana,
tiketi ya bahati nasibu ya wazima moto,
na chini kabisa, penye vitundu vya kutolea maji,
punje za kioo, kiganja juu ya kiganja.

Nilikuwa nikizichota kwa kikombe cha chai
mkono ukasimama wenyewe.
Za juu zilikuwa kijani hafifu,
safi, bado zina hasira.
Za chini zilikuwa na rangi ya moshi,
zimeshikana kwa kutu na vumbi.

Kioo kimoja hakivunjiki kwa rangi mbili.

"Nolberto, hiki kilishawahi kuvunjika."

Akaendelea kupaka sabuni kwenye mpira wa fremu,
toka pembe hii hadi pembe ile, akarudia.
"Nilikuwa na miaka kumi na sita," akasema.
"Barabara ya Río Seco, saa tisa usiku.
Funguo ndani, mimi nje. Nikatumia jiwe."

"Na baba?"

"Aliwasha taa ya karakana, akanipa spana.
Mama alipoamka kwenda kanisani
kioo kilikuwa kimepanda.
Akaniambia: funga mlango. Na mdomo."

Baba huyo huyo
aliyeninyang'anya funguo mwezi mzima
kwa kuchubua bampa!
Aliyekosoa hata ninavyokunja taulo!
Nilitaka kukasirika, nikaanza vizuri kabisa,
lakini mikono yangu ilikuwa imeshika kioo,
na mtu aliyeshika kioo hana budi kuwa mpole.

Tukakiteremsha kimshazari, pua kwanza,
tukakiingiza kwenye reli, nati mbili, basi.
Nikazungusha. Kikapanda, kikapanda,
kikakwama inchi moja kabla ya juu.
Nolberto akakigonga kwa kiganja
mahali pamoja, bila kupatafuta,
kikafika.

Punje za kijani nilizimwaga pipani.
Zile za moshi, alipokwenda kunawa,
nikazirudisha zilikokuwa.

Sasa nikikata kona ya duka la mikate
husikika kitu kikichekacheka chini ya kiwiko changu.
Fundi atauliza, najua.
Nitamwambia ni mchanga,
upepo wa huku huingiza kila kitu.
Halafu nitafunga mlango.
Na mdomo.